Mambo ya Mpakani: Samaki wa Kidimbwi Naye Hula

Wasomaji wetu wa Busia na Malaba, majuma machache yaliyopita nilipita Nambale nikamkuta mzee mmoja akiwafunga mbuzi wake ndani ya kidimbwi cha samaki. Nasema ndani, si kando, maana maji yalikwisha kukauka na majani mazuri yalikuwa yameota humo. Nilipomwuliza sababu, alijibu, "Ndugu yangu, shimo nilichimbiwa, vifaranga nilipewa, lakini tumbo la samaki sikuweza kulijaza."

Neno la mzee huyu lastahili kufikiriwa. Katika mwaka wa fedha wa 2009/2010 Serikali ya Kenya ilichagua majimbo 140 ya uchaguzi, ikakusudia kuchimba vidimbwi 200 katika kila jimbo, kila kimoja kikiwa na meta mraba 300 na kutiwa vifaranga 1,000. Lilikuwa jambo kubwa, na watu wengi ambao hawakupata kufuga samaki walijifunza kazi hiyo. Tena mwaka 2018 ulianza mpango mwingine, ABDP, kwa fedha za Serikali na za mfuko wa kimataifa wa IFAD, na Busia ilikuwa mojawapo ya kaunti 15 zilizochaguliwa. Basi hatuwezi kusema kwamba tumesahauliwa.

Lakini shimo huchimbwa mara moja, na samaki hula kila siku. Mfugaji yeyote atakuambia kwamba chakula chapita nusu ya gharama zake zote. Na chakula hicho ni nini? Ni pumba, ni mashudu, na pamoja na hayo ni omena aliyesagwa, kwa kuwa samaki hakui vizuri asipopata protini.

Hapa ndipo sisi watu wa mpakani tunapoingia katika habari hii. Huko Malaba macho yetu yamezoea malori marefu, lakini hapa Busia asubuhi utaona magunia ya omena yakivushwa kutoka Uganda. (Samaki huyu ana majina kuliko ukubwa wake: ng'ambo huitwa mukene, na Watanzania humwita dagaa.) Kuanzia tarehe 1 Aprili hadi mwisho wa Julai, sheria ya Kenya hufunga uvuvi wa omena ili apate kuzaana, na miezi hiyo wanunuzi wengi huelekea mpakani. Anayenunua kwa gunia kwa ajili ya kiwanda cha chakula cha kuku au cha samaki ana fedha mkononi. Nyuma yake amesimama mama mwenye watoto watano, naye ataka gorogoro moja tu. Ni nani atakayesikilizwa kwanza?

Kwa hiyo kila kidimbwi kipya kinachotegemea omena huongeza mdomo mwingine katika soko lile lile. Twafuga samaki mmoja kwa kumla mwingine, naye anayeliwa ndiye kitoweo cha maskini. Mwaka 2018 kelele zilikuwa nyingi juu ya samaki wa barafu kutoka Uchina, hata Rais Uhuru Kenyatta akalisema jambo hilo hadharani. Sipingi kumlinda mfugaji wetu; lakini ukimfungia Mchina mlango, kidimbwi cha Nambale hakitajaa maji kwa sababu hiyo.

Msaada ungefaa zaidi ukielekezwa kwenye chakula. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, chenye makao yake Nairobi na tawi huko Mbita, kimeonyesha kwamba funza wa nzi askari mweusi, ambao hulishwa takataka za jikoni na za sokoni, waweza kushika sehemu ya mahali pa omena. Takataka hizo tunazo tele, mtu asiyeamini na apite sokoni Busia jioni. Mabwana Samaki wa kaunti wakiwafundisha vijana kazi hiyo, na mashine ndogo ya kuchanganya chakula ikapatikana kwa ushirika, huenda yule mzee akawatafutia mbuzi wake malisho mengine. Nilimweleza habari za funza hao. Alicheka sana, kisha akauliza bei.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitaandika habari za kina mama wa Sio Port na omena wao wanaonyeshewa mvua kabla ya kukauka.