Kamari na Askari wa Mpakani

Kijana wa miaka 20 akivuka mpaka wa Busia kwa miguu, kutoka Uganda kwenda Kenya, huvunja fedha zake njiani, na pasipo kujua hubadilika pia mbele ya sheria. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 kuhusu bahati nasibu na michezo ya kubahatisha humkataza mtu asiyetimiza miaka 25 kushiriki kamari. Upande wa Kenya umri huo ni miaka 18. Hivyo yule aliyekuwa mtoto katika mtaa wa Sofia huwa mtu mzima afikapo Marachi.

Hatusemi hayo ili kuzilaumu serikali mbili. Kila taifa lina haki ya kutunga sheria zake. Twayasema kwa sababu askari wa zamu ndiye anayetazamiwa kumtoa kijana huyo katika chumba cha kubeti upande wa Uganda, nasi twajiuliza ni wangapi kati yetu wawezao kufanya hivyo ilhali wao wenyewe hawana tiketi ya kubeti katika mfuko wa sare.

Kamari si ngeni hapa. Wazee wanaijua pata potea ya sokoni, na sheria za Uganda juu ya bahati nasibu na kamari zilikuwako tangu 1967 na 1968. Lakini mcheza pata potea alikuwa hana budi kwenda sokoni, aonekane na jirani, na arudi nyumbani jua likichwa. Leo nyumba ya kamari imo ndani ya simu, na simu imo lindoni, na chini ya blanketi bwenini saa nane za usiku.

Baadhi ya ndugu zetu hujibu kwamba maisha yote ya mpakani ni kubahatisha. Mji huu, wasema, ndio uliozaa bodaboda, wale waendesha baiskeli waliowabeba abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi cha pili. Na kule Tiira watu huchimba mashimo wasijue kama watapata dhahabu. Hoja hiyo ina ladha, lakini haina hesabu. Mwenye baiskeli huuza jasho lake. Mchimbaji naye hashindani na mtu aliyekwisha kuupima mwamba na kuupangia bei. Mwenye duka la kamari amekwisha kupima.

Tuchukulie shindano lisilo na sare, baina ya timu mbili zilizo sawa kama pande mbili za sarafu. Malipo ya haki kwa shilingi 1,000 yangekuwa shilingi 2,000. Tuseme mwenye duka hulipa 1,850. Pengo hilo ni dogo, wala halimshtui mtu. Lakini askari wetu haridhiki na mechi moja; hufunga kumi katika tiketi moja. Nafasi yake ya kuzipata zote ni moja katika 1,024, na malipo, yakizidishwa mechi kwa mechi, hufikia kama mara 470 tu ya fedha aliyoweka. Haki yake imekatwa zaidi ya nusu, na hakuna mwizi wa kumkamata, maana kitufe amekibonyeza mwenyewe.

Mbona basi mtu mwenye akili zake, aliyefuzu kulenga shabaha, haachi? Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha katika kazi iliyochapishwa mwaka 1957 kwamba njiwa apewaye punje kwa nyakati asizoweza kuzitabiri huendelea kudonoa hata punje zikomapo, kwa ushupavu kuliko yule aliyezoea kupewa kila adonoapo. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliiingiza kamari iliyopindukia katika orodha yake ya maradhi, na mwaka 2013 kikaiweka katika fungu moja na ulevi na madawa ya kulevya. Jeshi la nchi hiyo, lililo na mashine za kamari katika kambi zake za ng'ambo, lilionywa mwaka 2017 na ofisi ya ukaguzi ya Bunge kwamba haliwachunguzi askari wake ipasavyo kwa ugonjwa huo. Mwaka uliofuata Bunge likaamuru wachunguzwe.

Sisi twasubiri nini? Askari wa Busia ana kitu kimoja ambacho mlanguzi hukihitaji kuliko vyote, nacho ni macho ya kufumba. Lori la magendo haliji na bunduki. Huja na bahasha, kwa mtu ambaye deni lake limekwisha kujulikana mjini kabla halijajulikana kwa kamanda wake.

Makaripio ya gwaride hayatoshi. Mgonjwa akikaripiwa hujificha. Tunapendekeza kwamba kabla askari hajakabidhiwa funguo za ghala la silaha, au mishahara, au zamu ya mpakani, aulizwe faraghani na afisa wake: unadaiwa na nani, na kwa ajili ya nini? Wazalendo SACCO kwa wanajeshi na Exodus SACCO kwa polisi vipo ili askari ajenge nyumba na asomeshe watoto. Afisa asiyejua mtu wake amekopea nini, hamjui mtu wake.

Nasi pia tuna hatia. Yupo koplo mmoja, ambaye kikosi chake hatukitaji, aliyetujia mara tatu katika mwezi mmoja kukopa fedha za matibabu ya mtoto. Mara ya pili tulikwisha kushuku. Tulimpa hata mara ya tatu, tukanyamaza, kwa kuwa kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko kuuliza. Ni yeye aliyekwenda mwenyewe kwa kamanda wake wa platuni na kueleza yote. Kadi yake ya benki sasa huwekwa na mkewe. Na kila Jumamosi, saa za Ligi Kuu ya Uingereza, huomba zamu ya langoni, kwa sababu huko simu huachwa kwa sajini.