Walimu wapo mitaani, vipindi vya Hisabati havina mwenyewe

Na Mwandishi Wetu, Iringa

KUTOKA Mlandege hadi Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa ni safari ya daladala ndani ya Manispaa ile ile ya Iringa. Chuo hicho, ambacho hadi mwaka 2005 kilikuwa Shule ya Sekondari ya Mkwawa, kila mwaka hutoa walimu wenye shahada. Katika mji huo huo kipo pia Chuo cha Ualimu Kleruu. Kwa hesabu ya kawaida, mzazi wa Mlandege, Kihesa au Kitwiru angetarajia kwamba kilio cha mwanawe kukaa darasani bila mwalimu wa Hisabati ni jambo la kusikia redioni likitokea mbali.

Sivyo ilivyo. Uhaba wa walimu wa Hisabati na sayansi umezikumba shule za sekondari za umma nchini kote, na za mijini hazikusalimika. Wakati huo huo, wahitimu wa ualimu wamejaa mitaani. Kumkuta mwenye shahada ya elimu akiendesha bodaboda au akiuza vocha hakumshangazi mtu siku hizi.

Ili kuelewa tulivyofika hapa, ni vema kurejea nyuma kidogo. Kufutwa kwa ada za shule za msingi na kuanza kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) mwaka 2002 kulijaza madarasa ya chini. Watoto hao walipokaribia kumaliza darasa la saba ilibidi watafutiwe pa kwenda, na hapo ndipo ulipokuja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) mwaka 2004, na baadaye wimbi la shule za kata. Sekondari nchini, zilizokuwa takriban 1,700 mwaka 2005, zilivuka 4,000 kufikia mwaka 2009. Wananchi walichanga, walibeba mawe, walifyatua matofali. Majengo yakasimama.

Mwalimu, hata hivyo, hafyatuliwi kama tofali. Mkwawa na mwenzake wa Chang'ombe jijini Dar es Salaam waligeuzwa vyuo vikuu vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa sababu hiyo hasa, lakini shahada huchukua miaka mitatu na shule zilikuwa zimekwishafunguliwa. Serikali ikaamua kuwachukua vijana waliomaliza kidato cha sita, ikawapa mafunzo ya takriban mwezi mmoja, kisha leseni ya kufundisha. Wananchi hawakukawia kuwabatiza jina: "voda fasta", wakiazima huduma ya kampuni ya simu iliyomwezesha mteja kuongeza salio kwa haraka.

Jina hilo lilikuwa la dhihaka, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya halikuwa la haki sana. Wengi wa vijana wale walilijua somo, na mtu aliyetoka kufanya mtihani wa kidato cha sita jana huenda akaikumbuka milinganyo kuliko mwalimu wa miaka ishirini. Kasoro ilikuwa mahali walikopelekwa. Walipangiwa shule mpya ambazo mara nyingi zilikuwa na mkuu wa shule na walimu wawili au watatu tu, hazina maabara, wala hazina mwalimu mzoefu wa kumkalia kijana nyuma ya darasa na kumwambia hapa umekosea. Aidha, kwa wengi wao kazi ile ilikuwa ni stendi ya kusubiria basi la chuo kikuu. Basi lilipofika, walipanda, na darasa likabaki lilivyokuwa.

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalilitikisa taifa: takriban watahiniwa sita katika kila kumi walipata sifuri. Iliundwa tume, na Mei mwaka huo William Lukuvi, aliyekuwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Waziri Mkuu, na mbunge wa Isimani hapa mkoani Iringa, akalieleza Bunge kwamba matokeo yale yamefutwa na yatapangwa upya. Kuwatwisha "voda fasta" mzigo wote wa aibu ile ni uonevu. Vitabu, lugha ya kufundishia na njaa ya mchana vilikuwa na sehemu yake. Lakini waliofanya mtihani ule waliingia kidato cha kwanza mwaka 2009, palepale shule zilipokuwa zimeongezeka kuliko walimu.

Jaribio la pili la njia ya mkato lilifanyika Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa stashahada maalum ya ualimu wa sayansi na hisabati iliyowapokea wahitimu wa kidato cha nne. Mei 2016 zaidi ya wanafunzi 7,000 wa programu hiyo waliondolewa chuoni, na baadaye waliokidhi vigezo wakagawanywa katika vyuo vya ualimu.

Nje ya mipaka yetu njia hizi zina majina ya heshima zaidi. Nchini Marekani, Wendy Kopp aliandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1989 akipendekeza kwamba wahitimu bora wa vyuo, hata wasiosomea ualimu, wachukuliwe wakafundishe kwa miaka miwili katika shule duni za mijini na vijijini. Mwaka uliofuata taasisi ya Teach For America ikaanza kazi na vijana wapatao 500. Wazo hilo limesambaa, na majirani zetu wa Uganda wanayo Teach For Uganda, ambayo nayo huwaweka vijana shuleni kwa miaka miwili. Wanaoisifu husema huleta ari na vichwa vizuri mahali palipokosa vyote viwili. Wanaoipinga husema mtoto wa maskini hupewa mwalimu anayejifunzia kazi kwake na kuondoka pindi anapoanza kuiweza. Msomaji aliyewaona "voda fasta" atautambua mjadala huo bila kutafsiriwa.

Hata hivyo kuna tofauti moja kubwa, nayo ndiyo inayofanya kuiga kwa pupa kuwe kosa. Mpango wa namna hiyo hutibu uhaba wa watu wanaotaka kufundisha. Tanzania ya leo haina ugonjwa huo. Serikali ilipotangaza nafasi 14,648 za ualimu kupitia Sekretarieti ya Ajira, idadi ya waombaji iliyotajwa Januari 2025 ilikuwa 201,707, yaani karibu watu 14 wakigombea kiti kimoja. Kwa mara ya kwanza walimu wakatakiwa kufanya usaili, na mwezi uliofuata likasikika jina la Neto, umoja wa walimu wasio na ajira, wakihoji kwa nini mtu aliyefaulu chuo kinachotambuliwa na Serikali apimwe tena na Serikali hiyo hiyo. Hoja yao ina uzito, ingawa mwajiri mwenye waombaji 14 kwa nafasi moja lazima achuje kwa namna fulani, na kupanga foleni kwa mwaka wa kuhitimu nako si kipimo cha ufundi wa kufundisha.

Kinachokosekana, basi, ni kibali cha ajira na fedha ya mshahara. Na hata ajira zinapotoka, mji huangaliwa mwisho. Walimu wengi hupenda kuishi mjini, wengine huhamia kwa kuwafuata wenzi wao wa ndoa, hivyo kwenye makaratasi ya ikama shule ya mjini inaweza kuonekana imejitosheleza, hata kupitiliza. Ukifungua ratiba ndipo unapoona kwamba wingi huo ni wa Historia, Kiswahili na Jiografia. Serikali iliwahi kulitambua jambo hilo, na kuanzia mwaka 2017 baadhi ya walimu wa masomo ya sanaa wa sekondari walihamishiwa shule za msingi. Mtu aliyefunzwa kuwafundisha vijana wa miaka 17 akajikuta mbele ya watoto wanaojifunza kushika penseli. Ikama ilinyooka, Fizikia ilibaki na pengo lake. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023, waliofaulu Hisabati nchini walikuwa takriban mmoja kati ya wanne.

Pengo hilo sasa huzibwa na walimu wa kujitolea, ambao kwa kawaida hupewa posho ndogo inayotoka kwa wazazi. Hapa pana mtego ambao hauzungumzwi vya kutosha. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, michango imewekewa masharti, na mkuu wa shule anayeitisha fedha bila kufuata utaratibu hujitafutia matatizo. Mtaa wenye wazazi wenye vipato utakaa kikao na kukubaliana. Mtaa wa mama lishe na wabeba mizigo sokoni utakaa kikao hicho hicho na kutoka mikono mitupu. Shule mbili za manispaa moja, zenye ikama sawa, zitatofautiana kwa mwalimu mmoja wa Hisabati, na tofauti hiyo italipwa na mzazi, si na Hazina.

Kuna muda mmoja katika mwaka ambapo shule za karibu na vyuo husahau shida hii: wakati wa mazoezi ya kufundisha. Wanachuo huja kwa makundi, ofisi ya walimu hukosa viti, kila kipindi kina mwenyewe na vingine vina wawili. Baada ya majuma kadhaa huondoka wote kwa pamoja. Mazoezi hayo yangeweza kugawanywa kwa zamu katika mihula yote miwili, wa Hisabati na sayansi wakitangulizwa kwenye shule zenye pengo na kukabidhiwa kwa mwalimu mzoefu, bila kusubiri kibali kipya cha ajira. Kinachohitajika ni ofisi ya mkurugenzi wa manispaa kupeleka orodha ya vipindi visivyo na walimu kwa uongozi wa chuo, kabla ratiba ya mazoezi ya mwaka ujao haijapangwa.