Mtihani wa Kiingereza Mbele ya Kompyuta

Ndugu zetu wasomaji, hasa nyinyi vijana mnaojitayarisha kwenda kusoma ng'ambo, na nyinyi wazazi mnaowatolea gharama, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya mtihani wa Kiingereza unaofanywa kwa kompyuta. Zamani kijana alikwenda na kalamu yake, akaandika, karatasi zikafungwa na kupelekwa, naye akakaa akingoja. Leo hukaa mbele ya skrini, masikioni kavaa vipokea sauti, na pengine hata maneno ya kinywa chake huyasema mbele ya mashine asimwone mtu. Wako wanaolisifu jambo hili lote, na wako wanaolilaani lote. Sisi twaona pande zote mbili zimekwenda upesi mno.

Mtihani wa TOEFL, ulio mashuhuri kwa vyuo vya Marekani, ulianza mwaka 1964, na kwa zaidi ya miaka thelathini ukafanywa kwa karatasi. Ulipoanza kufanywa kwa kompyuta mwaka 1998, wenyewe walijua ya kuwa watu wengi hawajapata kuigusa, kwa hiyo kila mtahiniwa alilazimika kupitia kwanza mafunzo mafupi ya kutumia kipanya na skrini. Na baadhi ya sehemu zake zilikuwa na tabia ya ajabu: ukijibu swali sawasawa, lifuatalo huwa gumu zaidi, ukikosea, huwa jepesi, na swali ulilokwisha kulijibu huwezi kulirudia. Mwanafunzi aliyezoea kuliruka swali gumu na kulirejea mwishoni, kama sote tulivyofundishwa shuleni, desturi yake hiyo haikumfaa kitu. Mwaka 2005 ukaja mtihani wa TOEFL upitao katika intaneti, nao ukaingiza sehemu ya kusema.

Faida zake hatuwezi kuzikana. Matokeo ya IELTS ya karatasi hungojewa siku kumi na tatu, ilhali ya kompyuta huja kwa siku chache. Na kijana ambaye chuo kimempa tarehe ya mwisho ajua thamani ya siku hizo. Mwenye mwandiko mbaya hapungukiwi. Sentensi yaweza kuhamishwa toka chini kwenda juu bila ya kuchafua ukurasa, na hesabu ya maneno huonekana pale pale, asiwe mtu wa kuhesabu mistari kwa kidole dakika zikimkimbia. Na katika kusikiliza, kila mmoja ana sauti yake masikioni, hata aliyeketi nyuma kabisa karibu na barabara.

Walakini mtihani huo hupima na vidole pia. IELTS humtaka mtu aandike insha mbili kwa saa moja, moja isipungue maneno 150 na ya pili 250. Aliyezoea kibodi hufikiri huku akiandika. Asiyezoea hutafuta herufi moja moja kama atafutaye sindano mchangani, na fikira humpotea njiani. Huyo akishindwa, nani atasema kama kilichoshindwa ni Kiingereza chake au ni mkono wake? Tena katika karatasi, baada ya kusikiliza hupewa dakika kumi za kunakili majibu. Katika kompyuta hupewa dakika mbili tu za kuyatazama. Wengi huyagundua haya wakiwa wamekwisha kuketi.

Ama kusema, mitihani si sawa. Katika IELTS mtahiniwa huzungumza na mtu, hata kama sehemu nyingine zote azifanya kwa kompyuta. Katika TOEFL husema mbele ya mashine, na katika ule uitwao PTE mashine huhusika na kusahihisha pia. Mashine haichoki saa za alasiri, wala haimwonei haya mtoto wa fulani. Hiyo ni haki yake, nasi twampa. Lakini haitikisi kichwa, wala haikurudii swali ukababaika.

Wenzetu wa Kenya walipata somo chungu katika jambo la mitihani hii. Novemba 2021 waziri wa afya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, alieleza kwamba katika wauguzi 300 waliotaka kwenda kufanya kazi Uingereza, waliofaulu mtihani wa Kiingereza walikuwa 10 tu. Hawa ni watu waliosomea kazi yao kwa Kiingereza. Hatusemi kwamba kompyuta ndiyo iliyowaangusha. Twasema kuijua lugha ni jambo moja, na kuujua mtihani wake ni jambo la pili.

Lakini yote hayo ni mepesi mbele ya yale yaliyotokea Uingereza. Huko, kati ya mwaka 2011 na 2014, mitihani zaidi ya 58,000 iitwayo TOEIC ilifanywa na wageni waliotaka viza, wengi wao wanafunzi kutoka India, Pakistan na Bangladesh. Walisema mbele ya kompyuta, sauti zikahifadhiwa. Februari 2014 televisheni ya BBC ikaonyesha, kwa kamera za siri, watu wa kukodiwa wakikaa mahali pa watahiniwa, na msimamizi akiwasomea watu majibu. Udanganyifu huo ulikuwa wa kweli, hapana wa kuutetea. Na tazama ulivyorahisishwa: hapakuwa na mtahini aliyeketi akamtazama msemaji usoni.

Baada ya hapo kampuni yenye mtihani ikazilinganisha sauti zilizohifadhiwa kwa programu ya kompyuta. Sauti moja ikionekana chini ya majina mbalimbali, watu wawili waliisikiliza na kuamua. Mashine iliyodanganywa ndiyo iliyokuja kutoa ushahidi. Mitihani 58 katika kila 100 ikahukumiwa kuwa ni ya uongo, na 39 mingine ikatiliwa shaka kwa sababu ya mahali ilipofanyiwa. Basi katika mia, iliyosalimika ni mitatu! Viza zikafutwa, vyuo vikawatoa watu, wengine wakatiwa kizuizini. Wengi waliambiwa kwamba wakitaka kukata rufani, sharti kwanza watoke nchini, ndipo wakate wakiwa mbali.

Mwaka 2016 mahakama ya rufani za uhamiaji ikaona udhaifu mwingi katika ushahidi wa serikali. Mwaka 2019 wakaguzi wa hesabu za serikali wakaeleza kwamba watu zaidi ya 11,000 walikuwa wamekwisha kuondoka, na kwamba katika rufani 12,500 zilizosikilizwa, kama 3,600 zilishinda. Wakailaumu Wizara ya Mambo ya Ndani kwa kutowalinda vya kutosha wasio na hatia. Ni haki kusema pia kwamba mwaka 2022 mahakama ile ile ilitoa hukumu kuwa ushahidi ule, kwa jumla, una nguvu ya kutosha. Lakini yule asiye na kosa, aliyesema kwa kinywa chake mwenyewe miaka mingi nyuma, atathibitisha kwa kitu gani leo kwamba sauti ile ilikuwa yake?

Kwa hiyo, kijana, jiandikishe mwenyewe, usipitie kwa dalali akuahidiye kufaulu. Hifadhi stakabadhi, barua ya miadi na nakala ya kitambulisho ulichokwenda nacho, wala usizitupe matokeo yakisha kutoka. Na miezi miwili kabla ya siku yenyewe, keti kila jioni unakili ukurasa mmoja wa gazeti la Kiingereza kwa kibodi.

Wenye mabinti tuna neno moja zaidi. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, TOEFL ilianza kufanywa hata nyumbani, mtahiniwa akiwa peke yake chumbani mbele ya kamera. Mdogo wake akiingia kuchukua kitu, mtihani waweza kuharibika. Na katika masharti yake limekuwamo hili: vazi la kichwani la dini huruhusiwa, ila masikio yaonekane. Binti avaaye hijabu na aandike kuuliza kabla ya kulipa, na jibu atakaloletewa alihifadhi pamoja na zile stakabadhi.