Usitupe Pakiti ya Unga

Msomaji wangu, mtaala wa CBC umewatoa wazazi jasho tangu uanze mwaka wa 2017. Leo mtoto ataka karatasi za rangi, kesho gundi, kesho kutwa kitambaa. Mama mmoja wa kijiji cha Raila, Kibera, aliniuliza kwa uchungu: "Dada, kukatakata makaratasi kutampeleka wapi msichana wangu? Tena picha zenyewe hazieleweki. Mtu ana kichwa cha kuku!"

Kichwa cha kuku kina wenyewe. Mwaka wa 1924, mjini Paris, mshairi Andre Breton alitangaza usurealisti, yaani sanaa inayochota katika ndoto. Wanaume wa kundi lake walipenda mno kumchora mwanamke, hasa akiwa uchi, lakini mwanamke aliyeshika brashi mwenyewe hawakumjali sana. Basi Januari 1943, huko New York, Peggy Guggenheim akafungua maonyesho ya wanawake 31. Mwanamume hata mmoja hakuwemo.

Miongoni mwao alikuwa Meret Oppenheim, ambaye mwaka wa 1936 alikivika kikombe cha chai manyoya ya swara, pamoja na kisahani na kijiko chake. (Hebu jaribu kunywea!) Alikuwemo pia Frida Kahlo wa Mexico, aliyevunjika uti wa mgongo katika ajali ya basi mwaka wa 1925. Yeye alikana kabisa kwamba huchora ndoto; alisema ni maisha yake mwenyewe. Naye Leonora Carrington, Mwingereza aliyehamia Mexico, alichora maajabu yake jikoni, penye vyungu na mboga.

Kwetu tulikuwa na Rosemary Karuga, aliyezaliwa mwaka wa 1928 na kuwa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere. Alifundisha shule miaka mingi. Aliporudia sanaa miaka ya 1980 hakuwa na pesa za rangi, kwa hivyo akachukua mkasi, akakata pakiti za unga na karatasi za sabuni ya Rexona, akazibandika vipande vipande mpaka zikawa watu, kuku na ng'ombe. Mwaka wa 1990 picha hizo zilionyeshwa Harlem, Marekani. Kati ya wasanii tisa kutoka Afrika, mwanamke alikuwa yeye peke yake.

Karuga hakujiita msurealisti. Lakini alipopewa kazi ya kuchorea hadithi ya Amos Tutuola wa Nigeria, ile ya mlevi anayemfuata mgema wake hadi mji wa wafu, alikuwa nyumbani. Humo mna fuvu lililokodi mikono, miguu na kiwiliwili, likaenda sokoni likiwa bwana mtanashati. Nani angeliweza kazi hiyo kuliko mama aliyezoea kuunda watu kwa vipande? Alifariki mwaka wa 2021, akiwa na miaka 92.

Pakiti ikiisha, ikung'ute unga, ipanguse kwa kitambaa kikavu, uilaze chini ya godoro inyooke. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano. Mkasi butu unatosha.