Muulizeni msambazaji mzigo unapitia wapi

Ndugu mwandishi, kusema kwako kwamba kampuni kubwa iwe na wasambazaji watatu hakutoshi kwa nchi isiyo na bahari kama Malawi yetu. Machi 2019 kimbunga Idai kiliuvunjavunja mji wa bandari wa Beira, Msumbiji. Aprili 2025 Malawi na Tanzania zikazuiliana mazao, na mpaka wao wa Songwe ukawa mashakani. Wasambazaji watatu wanaopitia Songwe kutoka Dar es Salaam ni msambazaji mmoja tu! Halafu dola hapa ni adimu; msambazaji anayecheleweshewa malipo yake hukuweka mwisho wa foleni, mkataba uwe mzuri vipi. Sisi wenye vibanda Area 23 hapa Lilongwe, na wenzetu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, bei hutufikia kabla ya maelezo. Wakuu wa manunuzi, gaweni mizigo, mingine ipitie bandari ya Nacala, Msumbiji.