Mpwa wangu kachonga mtumbwi, Ikungi!

Jamani wasomaji wangu, wiki hii niruhusuni niyaweke kando ya mapenzi na michango ya harusi. Nina kesi ya nyumbani. Dada yangu wa Ikungi kanipigia simu saa nne usiku, analia. Moyo ukanilipuka, nikajua msiba.

"Kaka, njoo uzungumze na mpwa wako. Anasema masika haya anakwenda Kitangiri kwa mtumbwi."

"Mtumbwi kautoa wapi?"

"Kauchonga mwenyewe! Uko hapa uani, kuku wanatagia humo."

Kwa wasioijua Ikungi: ukitoka Dodoma kwa basi, ukishaipita Manyoni, unaikuta kabla hujaingia Singida mjini. Ni nchi ya alizeti, kuku wa kienyeji, mawe na mibuyu. Maji tunayajua ya kisima na ya mvua. Mtu anaweza kuzaliwa kwetu, akaoa, akapata wajukuu, na hajawahi kusimama kwenye maji yanayomfika kifuani. Sasa mtumbwi wa nini?

Lakini mpwa wangu si chizi, nimtendee haki. Magharibi kule kuna mbuga ya Wembere. Kiangazi ni nchi kavu, ng'ombe wanachunga humo. Masika mvua zikikolea inageuka maji na matope, na maji yale yanateremka kaskazini mpaka ziwa Kitangiri, kisha yanashika mto Sibiti kwenda ziwa Eyasi. Kijana kaitazama ramani kwenye simu, akaona njia. Yeye na wenzake watatu, wote wa gereji na useremala, wakapanga kuteremka nayo, walale porini siku nne, wapike ugali wao, wapige picha. Wazungu wanalipa fedha nyingi kupiga kafi ziwa Duluti na Momella kule Arusha, akasema, sisi tuna ya bure hapa.

Nikapanda basi. Na kitu nilichokikuta uani, sitasema uongo, kilikuwa kizuri. Kirefu, kimepakwa bluu na nyeupe, ubavuni kaandika "Mungu Mbele". Nikapapasa ndani, tezo imepita safi kabisa. Nikamuuliza mti gani.

"Mbuyu, mjomba. Uliangushwa na upepo. Laini huo! Tezo inazama kama kisu kwenye papai."

Hapo nikanyamaza. Mimi niliishi Mwanza miaka sita na mitumbwi naijua kwa kuikalia tu, ila kuna kitu kilinikereketa. Nikamwambia sikukatazi, ila kabla ya safari twende Kitangiri tukamwonyeshe mtu wa maji. Tukakodi kirikuu, tukaufunga mtumbwi kwa kamba za katani, watoto wa Singida mjini wakatukimbilia wakidhani tumebeba jeneza la jitu.

Pale ufukweni tukaelekezwa kwa mzee mmoja mvuvi. Akauzunguka mtumbwi mara mbili, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akainama akanusa.

"Huu mbuyu."

"Ndiyo, babu."

"Mjukuu wangu, mbuyu ni ghala la maji. Ndiyo maana unaishi huko kwenu kwenye ukame. Sasa ukishauleta ziwani unadhani utaacha kazi yake?"

Kijana akabisha, kwa adabu lakini akabisha. Mzee hakugombana naye. Akasema uwekeni majini, ufungeni kwenye ule mti, tutaonana asubuhi. Jioni ile tuliushusha watu wanne, tunacheka. Alfajiri tulikuwa saba na haukunyanyuka. Umelala majini kama nyati, maji yamebakisha vidole viwili kuingia, na hakuna aliyeupanda. Rangi ile ya bluu ilikuwa nje tu, ndani mti ulikunywa usiku kucha.

Mzee ndipo akatufundisha, na hapa chukueni kalamu wenye ndoto kama za mpwa wangu. Mti wa mtumbwi unatakiwa uwe haunywi maji ovyo, haupasuki ukikauka, na una shina la kutosha. Pwani ngalawa nyingi zimechongwa kwa mwembe, na mvule unasifika bara na pwani kwa kuwa hauozi upesi. Siku hizi magogo makubwa yamekwisha, na kukata mti bila kibali ni kesi, kwa hiyo wavuvi wengi wamehamia mitumbwi ya mbao, inayozibwa nyufa kwa pamba na mafuta. Wa mbao ni mwepesi kubeba, ila unataka matunzo. Wa gogo ni mzito lakini hauna maungio ya kuvujisha.

Halafu umbo. Hapa ndipo wengi tunaponunua kwa macho. Mtumbwi mrefu mwembamba unakwenda kasi na unanyooka, lakini ukikaa vibaya tu unakumwaga. Mpana wenye kitako bapa umetulia kwenye maji ya utulivu. Kwenye matete na vijito kama vya Wembere unataka mfupi unaogeuka upesi, tena uchukue na pondo la kusukumia, maana pale kina ni kidogo na kafi inachota tope. Ziwani unataka kuta ndefu kwa ajili ya mawimbi. "Sasa ninyi," mzee akauliza, "mnakwenda maji gani?" Mpwa wangu akasema yote mawili. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Na mzigo je? Watu wanne, unga, sufuria, maji ya kunywa. Mzee akasema ukishapakia kila kitu, upime kutoka ukingo mpaka majini. Kama haifiki shibiri, shusha kitu. Vizito vikae chini katikati, vifungwe. Mpiga kafi asisimame kama anahutubia, akae chini au apige magoti. Safari ni asubuhi, mchana upepo ukianza uwe umeshapanda nchi kavu. Mkipinduka, msiuache mtumbwi kukimbilia ufukweni. Wa mti mzuri, hata ukijaa maji, bado unaelea, mshikilieni hapohapo. Kuhusu kiboko, fuata maji mafupi ya pembeni, gonga ubavu wa mtumbwi ajue unakuja, na usijipenyeze kamwe kati yake na kina kirefu, maana huko ndiko anakokimbilia.

Mwisho mzee akasema neno moja: "Ruka."

"Niruke wapi, babu?"

"Majini. Nikuone."

Kijana wa watu akavua shati, akaingia. Magotini, sawa. Kiunoni, akaanza kunitazama mimi. Kifuani akageuka nyuma, uso umebadilika rangi. Na hao wenzake watatu? Hata mmoja hajui kuogelea. Wote wanne walikuwa wameshapanga ratiba mpaka ya chakula, na la kuogelea halikuwa na siku yake. Nikamkumbuka dada yangu na kile kilio cha saa nne usiku.

Jioni tumekaa kwenye moto, kijana kanuna, nikaona nimpe kisa. Nikamwambia usidhani wewe ndiye wa kwanza kupitisha chombo cha majini Unyaturu. Januari 1875 yule Mwingereza Stanley alipita nchi yetu akielekea ziwa Victoria, na wapagazi wake wamebeba mashua mabegani, vipande vipande. Ilitengenezwa Uingereza, futi 40, mbao za mseda. Alipofika Zanzibar ikaonekana vipande ni vizito mno kwa mabega ya watu, ikabidi fundi avipunguze. Kaipa jina la mchumba wake, Lady Alice. (Mchumba mwenyewe hakusubiri. Mwaka 1876, mashua ikiwa bado Afrika, bibi akaolewa na mwingine. Hiyo nitaiandika siku yake.) Kwetu hapa mambo yakawa mabaya, wakapigana na wenyeji mahali alipopaita Vinyata, watu wakafa pande zote. Machi 8 mwaka ule Lady Alice ikaelea ziwani.

Lakini kisa nilichotaka ni cha Kongo. Stanley alikuwa na kijana Mwingereza, Frank Pocock, mtoto wa mvuvi, kuogelea anajua kama samaki. Juni 3, 1877 yuko ndani ya mtumbwi na Uledi, nahodha wa Lady Alice, mmoja wa waliotoka naye Zanzibar. Mbele kuna maporomoko. Uledi akaenda kutazama, akarudi akasema hapapitiki. Frank akawadhihaki kwamba ni waoga. Basi wakaingia. Uledi alitoka hai. Frank alizama.

Mpwa wangu akachokonoa moto muda mrefu. Halafu akauliza, "Mjomba, huyo Uledi aliogopa kweli?"

Nikamwambia hakuogopa, alikwenda kutazama kwanza.

Asubuhi yake, kabla sijaamka, nilimkuta ufukweni na yule mzee, maji ya kifua, amelala chali, mkono wa mzee umemshika mgongoni. Hakurudi nasi. Kabaki Kitangiri wiki tatu, anavuta nyavu mchana, anafundishwa kuelea asubuhi. Safari ya masika imeahirishwa mpaka wote wanne waweze kuogelea kutoka mtumbwini mpaka ufukweni na kurudi, na kila mmoja awe na boya lake la kuvaa. Hayo ni masharti ya mzee, mimi nimeweka sahihi tu. Mtumbwi watakodi wa mbao kwa huyohuyo mzee.

Dada kaniuliza kama nimemkataza. Nikamwambia hapana. Akanuna siku mbili, halafu akamtumia kijana fedha ya boya.

Na ule wa mbuyu? Tuliuacha ukauke, ukarudi Ikungi kwa kirikuu ileile. Dada kauweka karibu na kisima ananyweshea mbuzi. Analalamika kwamba jioni anatia ndoo mbili, asubuhi anakuta moja na nusu, na mbuzi wote wamelala zizini.