Maumivu ya Mfupa Si Uvivu

Wengi wetu tunadhani mfupa huvunjika kwa kuanguka au kupigwa tu. Sivyo. Mfupa huweza pia kupata ufa mdogo kwa kuchoshwa siku hadi siku. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, alieleza habari za askari waliovimba nyayo kwa sababu ya mwendo mrefu. Eksirei ilipogunduliwa mwaka 1895, haikuchukua muda sababu ikaonekana: mifupa ya nyayo ilikuwa na ufa.

Mfupa ni kitu hai. Ukipewa kazi hujijenga upya, lakini unahitaji nafasi ya kupumzika. Kijana asiyezoea akianza ghafla kukimbia kila siku, mfupa huchakaa upesi kuliko unavyojengwa. Ufa hutokea hasa kwenye muundi na unyayo.

Dalili yake ni maumivu ya mahali pamoja. Ukibonyeza hapo kwa kidole, anaruka. Maumivu huzidi akikimbia na hupungua akipumzika.

Shule zetu zinapoandaa vijana kwa mashindano ya UMISSETA, mwalimu anayemwambia kijana wa namna hii "jikaze" anakosea. Mzazi anayempeleka akakandwe kwa nguvu anakosea pia. Mfupa wenye ufa ukiendelea kulazimishwa huweza kukatika kabisa. Apelekwe kituo cha afya. Tena, eksirei ya wiki za kwanza mara nyingi haionyeshi ufa. Hiyo si sababu ya kumwita mwongo.

Dawa kubwa ni mapumziko. Nyufa nyingi hupona kwa wiki 6 hadi 8, ingawa nyingine huhitaji magongo, plasta au muda mrefu zaidi. Kwanza atembee bila maumivu, ndipo aanze kukimbia kidogo kidogo, siku moja mbio, siku moja mapumziko. Ale chakula cha kutosha: dagaa wazima, maziwa, maharage na mboga za majani. Msichana wa mazoezi makali akikosa siku zake kwa miezi mitatu, amwone mganga, kwani huenda chakula hakimtoshi na mifupa yake inadhoofika.

Ndugu mwalimu, ndugu mzazi, kikombe cha mashindano kitashindaniwa tena mwakani. Mguu wa kijana ndio atakaolimia na kutembelea maisha yake yote. Akisema unauma, msikilize.